Mkulima Alilima Nini? Kuusoma Wasifu wa Mizengo Pinda Tukiwa Mpanda

Mwishoni mwa 2015, Waziri Mkuu mpya akiwa ameshaapishwa, niliandaa makala ya redio kuhusu aliyetoka. Dakika nane. Nilikuwa bado mchanga kazini na nilijiona nimepata bahati: Waziri Mkuu mstaafu ni mtu wa kwetu, wa Kibaoni, na mimi niko Mpanda, tena nina kinasa sauti. Makala ilianza kwa sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mtoto wa mkulima amerudi nyumbani." Niliipenda sana hiyo sentensi. Nikairudia katikati, nikaifungia nayo.

Siku mbili baadaye nilikuwa nakunywa chai kwenye kibanda karibu na stendi. Mzee mmoja aliyenitambua kwa sauti akaniita. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema, "Mwanangu, nimesikiliza kipindi chako. Umesema mtoto wa mkulima mara sita. Sasa huyo mkulima alilima nini?"

Sikuwa na jibu. Nikacheka kidogo, ile cheka ya mtu aliyekamatwa. Mzee hakucheka. "Basi hujatusimulia mtu," akasema. "Umetusomea kanga."

Miaka imepita na lile swali halijaniachia. Nimelibeba kwenye kila kitabu cha maisha ya mwanasiasa nilichosoma tangu siku hiyo, na kwa kweli limenisaidia kuliko nadharia nyingi nilizofundishwa chuoni. Kwa hiyo leo sihakiki kitabu. Nahakiki maneno matatu, "mtoto wa mkulima", kama vile ni kitabu, kwa sababu kwa wengi wetu hapa Katavi ndiyo wasifu pekee wa Mizengo Pinda tulio nao. Huenda kuna mswada umelala kwenye droo ya mtu. Mimi kwenye maduka ya vitabu nilikopita na kwenye rafu za shule nilizotembelea sijawahi kukutana na kitabu cha maisha yake. Nilichokutana nacho ni hayo maneno matatu, na kila mtu anayajua kwa moyo.

Tuyasome basi kwa makini, kama tunavyosoma shairi.

Kwenye fasihi simulizi tulifundishwa majigambo. Shujaa anasimama mbele ya watu, anataja ukoo wake, anataja adui aliowaangusha, anajipa majina. Siasa yetu imeurithi utanzu huu bila kuutaja. Kawawa alikuwa Simba wa Vita, Mwinyi akawa Mzee Rukhsa, Nyerere alibaki Mwalimu hata baada ya kuondoka darasani. Kila jina ni kajigambo kadogo ambako wananchi wamekubali kukaimba pamoja na mwenyewe. Sasa "mtoto wa mkulima" ni la aina yake, maana ni majigambo ya kujishusha. Msemaji hatuambii ameua simba. Anatuambia ametoka chini, na hapo hapo, bila kusema, anatukumbusha amefika juu. Nguvu yote iko kwenye umbali kati ya shamba na ofisi, na umbali huo hautajwi. Msikilizaji anaujaza mwenyewe.

Ni maneno mazuri, tena ni ya kweli. Sina ugomvi na ukweli wake. Ugomvi wangu ni kwamba hiyo ni sentensi ya kwanza tu ya hadithi, na sisi tumeifunga kwa jalada tukasema kitabu kimekwisha.

Angalia kilicho kati ya sentensi ya kwanza na ya mwisho. Pinda alizaliwa tarehe 12 Agosti 1948, wakati Mpanda ikiwa sehemu ya Jimbo la Magharibi la Tanganyika ya Waingereza. Alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akamaliza 1974. Akawa wakili wa serikali katika Wizara ya Sheria mpaka 1978. Kutoka hapo akaenda usalama, Ikulu. Kuanzia 1982 akawa katibu msaidizi wa Rais, akamhudumia Nyerere halafu Mwinyi. Katikati ya miaka ya 1990 akawa karani wa Baraza la Mawaziri. Ubunge wa Mpanda Mashariki aliupata mwaka 2000, pamoja na unaibu waziri wa Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Mwaka 2006 akawa waziri kamili hapo hapo. Februari 2008 Edward Lowassa akajiuzulu kwa sakata la Richmond, na katika siku mbili Pinda akawa ameapishwa kushika nafasi yake.

Piga hesabu. Kutoka 1974 mpaka 2008 ni miaka 34, na karibu yote aliipitisha ndani ya vyumba ambavyo mimi na wewe hatuingii. Mwanasheria. Mtu wa usalama. Msaidizi wa marais wawili. Mtu anayeandika kile mawaziri wanachokubaliana wakifunga mlango. Ukinipa mhusika huyu kwenye riwaya bila kunipa jina lake, nitakwambia huyu ni mtunza siri. Pengine ni kati ya watu wachache walio hai wanaojua serikali yetu ilivyofanya uamuzi kipindi ambacho Ujamaa ulikuwa unaondoka na soko huria linaingia. Lakini jina la sifa halitaji hata chumba kimoja kati ya hivyo. Linaruka kutoka shambani moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Na huko shambani kwenyewe halikai. Ndiyo maana swali la mzee lilinichoma.

Mkulima alilima nini? Hili si swali la kuulizwa kwa utani hapa kwetu. Kulima mpunga kule Bonde la Rukwa ni maisha tofauti na kulima tumbaku upande wa Mpanda. Mwenye tumbaku anamjua mnunuzi, anaujua mkopo wa pembejeo, anajua kusubiri malipo. Mwenye mahindi na muhogo anajua njaa ya mwezi wa pili. Kuna aliyeishi kwa asali na nta, ambazo Mpanda ilishajulikana nazo zamani, na huyo alijua msitu kuliko jembe. Kuna waliohamishwa na Waingereza kwa sababu ya malale, wakakusanywa kwenye makazi mapya wakiacha mashamba na makaburi. Halafu ikaja Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na watu wakahamishwa tena, safari hii na serikali yao wenyewe.

Hapo sasa wasifu unaanza kupata uzito. Mwaka 1974 Pinda alipohitimu na kuwa wakili wa serikali, serikali hiyo hiyo ilikuwa kwenye kazi kubwa ya kuwahamishia wakulima vijijini, na kuishi kijijini lilikuwa agizo, si ombi tena. Mwaka huo huo ndipo Mkoa wa Rukwa ulipoundwa na Hifadhi ya Katavi ikatangazwa. Kwa hiyo mtoto wa mkulima anavaa joho la wakili wa dola katika mwaka ambao dola inamwambia mkulima ahame, na kwao kunawekwa mpaka wa hifadhi. Alifikiri nini? Huenda aliona ni haki, kama walivyoona vijana wasomi wengi wa kizazi chake. Huenda aliumia. Huenda hakuwa na muda wa kufikiri, maana kazi ya kwanza ni kazi ya kwanza. Mimi sijui, na sitamwekea maneno mdomoni. Nasema tu kwamba mwandishi wa wasifu angemuuliza swali hili kabla ya mengine yote.

Na kabla ya hapo kuna kile Chuo chenyewe. Dar es Salaam ya 1971 hadi 1974 haikuwa chuo cha kawaida. Walter Rodney alikuwa anafundisha pale, na kitabu chake kuhusu Ulaya ilivyoididimiza Afrika kilitoka 1972. Kitivo cha sheria kilikuwa na mhadhiri kijana aitwaye Issa Shivji, aliyekuwa ameshaandika juu ya matabaka ndani ya Tanzania yenyewe, yaani kwamba kuna watu wanapanda juu kwa mgongo wa mkulima na mfanyakazi. Kijana kutoka Mpanda anakaa kwenye madawati ya kitivo hicho. Neno "mkulima" analisikia darasani kama neno la nadharia, kisha likizo anarudi nyumbani kwa mkulima mwenye mikono na mgongo unaouma. Ningependa sana kusoma sura hiyo. Sura hiyo ndiyo ingenifafanulia jina la sifa lilitengenezwa wapi.

Watu wa fasihi hupenda mifano ya mbali, na mimi ninao mmoja. Karne ya kumi na tisa kule Marekani kulikuwa na mwanasheria mwingine aliyefanywa mtoto wa mkulima. Abraham Lincoln alizaliwa Kentucky 1809, kwenye kibanda cha magogo. Mei 1860, kwenye mkutano wa chama chake mji wa Decatur, Illinois, binamu wa mama yake aliingia ukumbini na magogo mawili ya uzio yanayodaiwa kupasuliwa na Lincoln ujanani. Ukumbi ukalipuka. Kuanzia siku hiyo mgombea akawa Mpasua Magogo. Mwenyewe alilisaidia hilo jina. Alipoombwa historia ya maisha yake alitoa kurasa chache, akasema hakuna mengi kwa sababu yeye mwenyewe hana mengi, na mwandishi aliyetaka habari za utoto aliambiwa hadithi nzima ya mtoto maskini inatosha kwenye mstari mmoja wa shairi. Majigambo ya kujishusha, tena ya daraja la juu kabisa.

Lakini mpasua magogo huyo hakuwa ameshika shoka kwa kazi miaka mingi. Alikuwa wakili tangu 1836. Aliitetea kampuni ya reli ya Illinois Central kwenye kesi kubwa ya kodi, na kampuni ilipogoma kumlipa alichodai, akaishtaki 1857 na kupata dola 5,000, pesa nyingi mno kwa wakati ule. Na kuna kesi ya 1847 ambayo wampendao hawapendi kuisikia: alisimama upande wa mwenye watumwa, Robert Matson, aliyetaka kurudishiwa mwanamke aitwaye Jane Bryant na watoto wake. Lincoln alishindwa, mama na watoto wakawa huru. Yule tunayemwita Mkombozi wa Watumwa, siku hiyo alivaa suti kwa ajili ya upande wa pili.

Tunayajuaje haya? Kwa sababu baada ya Lincoln kuuawa Aprili 1865, mwenzake wa ofisi ya uwakili, William Herndon, hakuridhika na sifa zilizokuwa zinamwagika makanisani. Akafunga safari. Akaenda Indiana, akaandika barua, akakaa na majirani wazee na ndugu, akauliza maswali ya aina ya mzee wa kibanda cha chai. Kitabu chake kilitoka 1889 na kikatukanwa kwa kuvua nguo marehemu. Kuna mambo aliyoyaamini ambayo wanahistoria bado wanabishania. Lakini kwa kazi ya namna hiyo, yake na ya waliomfuata, leo tunamjua mkulima mwenyewe, Thomas Lincoln: fundi seremala na mkulima aliyepoteza ardhi Kentucky kwa sababu ya hati zenye mgogoro, akahamia Indiana 1816. Tunajua pia mtoto hakuipenda kazi ya shamba, hakuelewana vizuri na baba, na baba alipofariki 1851 mtoto hakwenda kumzika.

Ona tofauti inayoingia. Sasa "mtoto wa mkulima" ana maana. Baba alinyang'anywa ardhi na karatasi, mtoto akaenda kuwa fundi wa karatasi. Jina la sifa lingetupa huruma tu. Wasifu unatupa sababu. Na Lincoln hajapungua kwa hilo. Mimi nilianza kumpenda niliposoma habari ya mazishi, kwa sababu hapo ndipo alipoacha kuwa sanamu.

Sasa turudi bungeni Dodoma, maana nisije nikaonekana nakwepa.

Januari 2009 ilikuwa wakati mgumu. Ndugu zetu wenye ualbino walikuwa wanauawa, hasa mikoa ya Ziwa, na viungo vyao kuuzwa kwa waganga. Pinda, akiwa ziarani, alisema maneno yaliyoeleweka kwamba anayekamatwa akiua naye auawe. Alipoulizwa bungeni kuhusu kauli hiyo, Waziri Mkuu akalia, akifuta machozi mbele ya wabunge na mbele ya kamera. Wengi tunaikumbuka picha ile. Jina la sifa linaisoma picha hiyo kwa haraka sana: ona, mtoto wa mkulima, ana moyo.

Mimi nadhani tukio lile ni gumu kuliko hivyo, na ndiyo sura kuu ya kitabu ambacho sijakisoma. Aliyesimama pale ni mwanasheria. Anaijua ibara ya 13 ya Katiba inayokataza kumtendea mshtakiwa kama mkosaji kabla ya kuthibitishwa. Anajua kuna mahakama, na kwamba hukumu ya kifo ipo kisheria lakini hutolewa na jaji. Lakini pia ametoka kwenye nchi ya vijiji ambavyo polisi yuko mbali, jaji yuko mbali zaidi, na "wananchi wenye hasira kali" wako karibu sana. Sisi waandishi wa huku tunaijua hiyo sentensi ya taarifa za polisi. Kikongwe amesingiziwa uchawi, mwizi wa ng'ombe amekamatwa, na asubuhi tunaandika kwamba wananchi walijichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo alipotamka yale maneno, ni nani aliyesema? Mwanasheria au mwanakijiji? Na machozi yale yalikuwa ya nani? Ya huruma kwa waliouawa, ambayo siitilii shaka? Au ni ya mtu aliyejikuta amesimama katikati ya elimu yake na kwao, na pande zote mbili zinamwita?

Miaka minne baadaye, Juni 2013, bungeni tena, akijibu swali kuhusu vyombo vya dola na vurugu, alisema wanaokaidi watapigwa tu, kwa sababu wamechoka. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Tanganyika wakaenda Mahakama Kuu. Mawakili dhidi ya wakili. Hoja ikagonga kinga ya ibara ya 100, ile inayolinda maneno ya mbunge ndani ya Bunge, na shauri likatupwa mwaka uliofuata. Jina la sifa halina cha kusema kuhusu siku hiyo, kwa hiyo limeifuta. Ukisikiliza simulizi za vijiweni hapa Mpanda utasikia machozi ya 2009. Ya 2013 ni nadra sana mtu kuyataja. Mimi mwenyewe kwenye dakika zangu nane niliweka machozi na kuacha kipigo. Hakuna mhariri aliyenilazimisha. Nilifikiri namheshimu mzee wetu.

Hapo ndipo naona hatari yake. Heshima ya kuruka kurasa ni heshima ya msibani. Na nadhani huko ndiko wasifu wetu ulikojifunza kuandika. Fikiria ni wapi Mtanzania wa kawaida anasikia neno "wasifu": kwenye mazishi, ndugu anasimama na karatasi. Marehemu alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, aliugua, ameacha mjane na watoto. Hakuna aliyekosea kitu. Hakuna aliyebadili mawazo. Na haifai iwe vingine, pale ni msibani. Tatizo ni pale karatasi hiyo inaponenepeshwa ikawa kitabu cha kurasa 300 cha mtu aliye hai. Hata neno lenyewe linatuvuta huko: wasifu na sifa ni watoto wa mama mmoja. Kwa asili sifa ni namna kitu kilivyo, kizuri au kibaya. Sisi tumebaki na upande wa kusifu.

Siyo kwamba hatuwezi. Shaaban Robert alituachia tawasifu yake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, na wasifu wa Siti binti Saad, mwanamke wa kijijini aliyeuza vyungu kabla ya kuuza sauti. Kule tunajua mzazi alifanya kazi gani na mikono ya mtoto ilishika nini. Mwinyi alitoa Mzee Rukhsa: Safari ya Maisha Yangu mwaka 2021, kwa Kiswahili, na nampongeza kwa hilo kabla ya jambo lolote lingine, kwa sababu Mkapa miaka miwili kabla yake alitusimulia maisha yake kwa Kiingereza, na wasifu mkubwa wa Nyerere wa majuzuu matatu uliotoka 2020, kazi ya Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, nao ni wa Kiingereza. Mkulima ambaye maisha yake yanatajwa kwenye vitabu hivi hawezi kuvisoma. Hilo nalo ni swali la wasifu: unamsimulia nani, na nani anaruhusiwa kusikiliza?

Mwinyi ana faida nyingine ambayo Pinda anaweza kujifunza kwake. Mwaka 1977 alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani kwa sababu ya mauaji ya Shinyanga yaliyofanywa na watu wa vyombo vya dola. Doa hilo halikumzuia kuwa Rais, na leo watu wanalitaja kama sifa. Kumbe msomaji wa Kitanzania si mtoto. Anaweza kubeba habari ngumu kuhusu mtu anayempenda. Sisi waandishi ndio tunaomwogopea.

Nitasema pia la upande wake, maana uhakiki wa haki unapima pande zote. Kuna sababu nzuri za mtu wa historia ya Pinda kukaa kimya. Kiapo cha usalama ni kiapo. Kiapo cha karani wa Baraza la Mawaziri nacho ni kiapo. Hatuwezi kumdai aandike kila alichosikia. Na jina la sifa halikuwa maigizo matupu: aliyapiga vita mashangingi ya serikali wakati wenzake wanayapanda, alifuga nyuki akatuhimiza tufuge, na hata baada ya kustaafu ameonekana zaidi shambani kuliko kwenye majukwaa. Aprili 2012 Zitto Kabwe alikusanya saini za wabunge za kutokuwa na imani naye. Kura haikupigwa, baraza la mawaziri likapanguliwa. Mwishoni mwa 2014 likaja la Tegeta Escrow, Mwanasheria Mkuu akajiuzulu, Pinda akabaki. Mwaka 2015 akaomba kuteuliwa na chama chake kugombea urais, hakuingia tano bora. Mtu aliyepita kwenye mawimbi hayo bila kutupa mawe ana hadithi ya uvumilivu, au ya tahadhari, au ya vyote. Ningependa aisimulie mwenyewe, bila kuvunja kiapo hata kimoja. Utoto wake hauna muhuri wa siri. Darasa la Dar es Salaam halina muhuri wa siri. Na yaliyosemwa bungeni yamo kwenye Hansard, yeyote anaweza kuyasoma.

Kwa nini nalilia hili nikiwa Mpanda na si Dar? Kwa sababu mkoa wetu ni mchanga, umezaliwa Machi 2012, yeye akiwa Waziri Mkuu, na bado hatujaamua tunajisimulia vipi. Wageni wakija wanataka viboko wa Mto Katuma. Wazee wanazungumzia mkwaju wa Katabi, mzimu ambao hifadhi na mkoa wenyewe umechukua jina lake. Kuna reli ya kutoka Kaliua iliyoletwa na Waingereza kwa ajili ya madini ya risasi, kuna Katumba na Mishamo walikofika wakimbizi wa Burundi miaka ya 1970 na ambao wengi wao leo ni Watanzania wenzetu. Maisha ya mtu aliyezaliwa hapa 1948 na kufika kiti cha Waziri Mkuu yanapita katikati ya yote hayo. Yakiandikwa vizuri, mtoto wa kidato cha nne wa Usevya atapata historia ya kwao kupitia mlango wa mtu mmoja. Yakiandikwa kwa maneno matatu, atapata kanga.

Mwaka jana nilitafuta ile makala yangu ya redio nikaisikiliza. Sauti ni nzuri, muziki umewekwa mahali pake. Nilihesabu: mzee alikosea, nilisema "mtoto wa mkulima" mara saba. Nikafungua daftari jipya, nikaandika juu kabisa swali lake, na chini yake nikaanza orodha ya wazee wa Kibaoni na Usevya ambao bado wanaweza kulijibu. Kwa sasa orodha ina watu kumi na mmoja. Nilipoianza walikuwa kumi na wanne.